Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya briji,

Hesabu za fedha mtasomewa na mhazini, na hazina la kutunyima usingizi. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja, wageni. Mwaka huu wamekuja wengi kuliko tulivyozoea, na wengi wao hatukuwaona tena baada ya jioni ya kwanza.

Kamati ilidhani kikwazo ni kunadi, yaani kutangaza kabla ya mchezo utakula mara ngapi. Tukaandaa masomo: lini useme kopa moja, lini upite. Wageni wakazidi kutoweka. Ndipo nikaanza kukaa nyuma ya meza zao nikitazama. Jioni moja mgeni aliyekulia kwenye karata za nyumbani alitupa yake katikati ya meza, ikashinda, yaani akala, akazizoa zote nne. Wenzake watatu wakamkemea kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba katika briji ya vibao, ambapo karata zilizogawiwa huhamishwa meza hadi meza ndani ya kibao chenye mifuko minne, kila mtu hubaki na karata zake mbele yake, akizifunika moja moja: wima upande wake ukila, ulalo ukiliwa. Mwishoni zile 13 hurudi kwenye mfuko wake wa kibao, ili meza inayofuata icheze mkono uleule. Yule bwana hakurudi, na kosa lilikuwa letu.

Tena sisi wazoefu tuna mengi ya kujibu. Karata huhesabiwa kabla ya kuzitazama, lakini msimu huu kibao kilifika meza ya pili kikiwa na 14 upande mmoja na 12 upande mwingine. Aliyezichanganya ni mimi.

Kuhusu alama, mgeni huja akiamini kwamba mkono mbaya ni bahati mbaya. Tumwonyeshe mfano. Upande wake hauko hatarini, hali inayoandikwa kwenye kibao na kuongeza zawadi na adhabu. Amenadi kopa nne, yaani kuahidi kula mara kumi kopa zikiwa turufu, akala mara kumi, akaandikiwa 420. Meza ya jirani, wenye karata zilezile wamenadi tatu bila turufu, yaani kuahidi mara tisa, nao wakala kumi: 430. Tofauti ya pointi kumi tu, lakini katika mashindano ya jozi wamemshinda kabisa kwenye kibao hicho, sawa na kama wangemzidi kwa mia tano. Akishalielewa hilo, ataacha kulalamikia mgao.

Jambo jingine ni kumwita msimamizi, mwamuzi wa mchezo. Wapya hudhani ni kushtakiana. Sheria zinataka aitwe mara tu kosa linapotajwa mezani, hata kama ni karata iliyochomoka kwa bahati mbaya. Tukimwita kwa sauti ya upole, hofu hiyo itaisha. Anayemwita kwa kugonga meza namwomba aache.

Jozi chache za wapya zilijaribu mashindano. Kilichowasumbua ni saa: vibao viwili kwa takribani dakika 15, na ukichelewa, ukumbi mzima unakusubiri. Jozi moja ilifika kila mtu na kadi yake ya mapatano, inayoeleza maana ambazo wenzi wamekubaliana katika kunadi, na kadi hazikufanana. Walicheka baadaye, siku yenyewe hawakucheka.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza kila mgeni aketi jioni yake ya kwanza na mwenzi mzoefu, upande wa Kaskazini na Kusini, majina ya viti viwili vinavyotazamana mezani, ambao kwa kawaida hauhami meza. Somo la kwanza liwe la vibao na kadi za kunadi, mnada ufuate. Wanaojitolea kuwa wenzi wajiandikishe kwa katibu kabla hatujaanza uchaguzi.

Mwenyekiti