Barua kwa Shangazi: Siku Nne Kwenye Viti vya Juri

Fort Worth, Texas

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo Ngamiani, Tanga. Mimi sijambo, ila bado ni mtu wa zamu ya usiku, nalala wenzangu wakiamka.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kazini, nikasikia kilio tu. Ya pili nikaelewa kwamba hakimu amempa mtalaka wa binti yako mtoto wao. Ya tatu ndipo nikalisikia swali lako la mwisho: eti huku kesi ya mtoto inaamuliwa na watu kumi na wawili, na je, si afadhali hivyo kuliko kumwachia mtu mmoja aliyeamka vibaya? Nilishindwa kukujibu kwa simu. Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilikuwa mmoja wa hao kumi na wawili, juri kama wanavyoiita, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, na sikumwambia mtu nyumbani. Kesi ikiendelea tulikatazwa kuizungumza hata na mume. Ilipokwisha tuliruhusiwa, lakini sikujua nianzie wapi.

Unakumbuka ulivyoninunia nilipochukua uraia wa huku nikaacha wa kwetu. Basi ni uraia huo huo ulionipeleka. Majina wanayatoa kwenye daftari la wapiga kura na kwenye leseni za udereva, na asiye raia hawezi kukaa pale. Malipo ni dola 20 siku ya kwanza na 58 kila siku inayofuata. Mwajiri hana ruhusa ya kukufukuza kazi kwa sababu ya wito huo, lakini halazimiki kukulipa. Wangu hakunilipa, ndiyo maana zile pesa za sikukuu zilichelewa.

Nilidhani nitakuta kesi ya wizi. Kumbe ni mtoto wa miaka saba.

Usifikiri lakini kwamba Marekani nzima iko hivi. Sehemu kubwa ni jaji peke yake, kama kwetu. Kule jimbo la Georgia juri inaweza kuwagawia mali waliotalikiana, lakini suala la mtoto linabaki kwa jaji, na mtoto akifikisha miaka 14 ana haki ya kuchagua akae kwa nani, mradi jaji asione madhara. Texas ndiko mzazi akidai juri kwa wakati wake anapewa, na wakishajibu jaji haruhusiwi kutoa amri inayopingana na jibu lao.

Wazazi wale wawili sitawataja. Mama anafanya kazi ya usiku, kama mimi. Baba anaendesha malori ya masafa marefu, na akiwa njiani mtoto hukaa kwa dada wa huyo baba. Kwamba wote wawili wabaki walezi halikuwa na ubishi. Tulichopewa kujibu ni maswali mawili kwenye karatasi: nani awe na haki ya kuamua mtoto anaishi wapi, na je, haki hiyo iwekewe mpaka, yaani asimhamishe nje ya kaunti ya Tarrant na zile zinazopakana nayo? Mama alikuwa amepata kazi jimbo la mbali. Ugomvi wote ulianzia hapo.

Siku tatu na nusu nilisikiliza mambo ambayo kwetu yangeishia jikoni. Meseji za usiku wa manane zimechapishwa na kukuzwa ukutani. Picha ya friji, ipo wazi, ina maziwa na nusu limau. Mwalimu anaulizwa mtoto alichelewa shule mara ngapi. Mawakili wanauliza kwa upole mpaka unasahau kwamba kila swali lina kisu ndani. Nilimwona mama yule anatazama friji yake ukutani, nikainama, maana ya kwangu siku hiyo haikuwa bora kuliko ile.

Tulipofungiwa chumbani kujadili, mzee mmoja mstaafu, mtu mpole tu, akasema baba hamlei mwanawe, amemsukumia dada yake. Wengi wakaitikia kwa kichwa. Shangazi, nilihisi kama ananisema mimi na wewe. Nani alinilea toka darasa la pili mpaka nikamaliza la saba, baba akizunguka na malori? Kuna siku hata moja ulihesabu kwamba nimetupwa kwako? Nikawaambia, kwa Kiingereza changu kinachopotea nikipandwa na hasira, kwamba kwetu shangazi ni baba wa kike, na mtoto akilala kwake yuko kwao. Wakanisikiliza kwa adabu zote. Kisha mmoja akauliza: "Sawa, lakini je, ana chumba chake mwenyewe?"

Aliyenielewa ni bibi mmoja mwenye asili ya Meksiko. Ila kwenye kesi ya namna hii kumi wakikubaliana inatosha. Kumi wakampa mama haki ya kuchagua makazi, wakamwekea na mpaka, hivyo ile kazi ya mbali akaikosa. Wanaosaini ni wale waliokubali tu. Jina langu na la yule bibi hayamo kwenye karatasi ile. Yaliyobaki, siku za kuonana na pesa za matunzo, juri haiulizwi, ni ya jaji. Utaratibu wao wa kawaida ni kwamba mzazi wa pili anampata mtoto wikiendi zinazoanza Ijumaa ya kwanza, ya tatu na ya tano ya mwezi, na kila Alhamisi jioni wakati wa shule. Utadhani ni gulio.

Sasa nije kwenye lile linaloniumiza. Katika malalamiko yako, lililokuchoma zaidi ni kwamba hakimu alimwita mjukuu wako ofisini kwake, akakaa naye robo saa, na alipotoka hukumu ilikuwa kama imeshaandikwa. Umesema: robo saa ya kuongea na mtoto wa miaka minane, ndiyo sheria gani hiyo? Ni Sheria yetu ya Ndoa, ya 1971, Shangazi. Inataka matakwa ya mtoto yaangaliwe kama amefika umri wa kujieleza. Ile dhana kwamba mtoto mdogo ni wa mama inakoma akitimiza miaka saba, na mjukuu wako alishaipita.

Mimi nilikaa siku nne kwenye juri, na yule mtoto wa Texas sikumwona. Nilimwona kwenye picha, ameshika samaki mdogo, kang'oka jino la mbele. Tena jaji wao alikatazwa: kesi ikiwa mbele ya juri, haruhusiwi kumwita mtoto faragha na kumuuliza jambo ambalo juri ndiyo inaliamua. Kwa hiyo watu kumi na wawili, na jaji, na mawakili wawili, tulimgawa mtoto ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyesikia sauti yake. Ile robo saa unayoilaani, mimi ningeinunua kwa dola zote walizonilipa.

Lakini nisikudanganye kwamba sioni unachokitaka. Unasema mtalaka wa binti yako "alimwona" hakimu. Mimi sina ushahidi na wewe huna, na maneno hayo usiyarudie mbele ya wakili. Ila najua hofu hiyo inatoka wapi. Babu alipokuwa mzee wa baraza Mahakama ya Mwanzo, wazee wawili na hakimu, kura ya walio wengi, si alikuwa anaijua kila nyumba na kila ugomvi? Na si ndiyo maana usiku watu walikuja na kuku, bibi akawarudisha nao huku akiwatukana? Ujuzi wa babu ndio ulioleta wale kuku. Wale kumi na wawili wa huku hakuna wa kuwapelekea kuku, mpaka asubuhi ya kesi hajulikani nani atakaa pale. Hilo nawapa. Ukiniuliza kwa ajili ya mzazi anayeogopa kuonewa, nitasema juri. Ukiniuliza kwa ajili ya mjukuu wako, nitasema hakimu aliyemwita ndani, hata kama amekosea.

Na kama amekosea, rufaa ipo. Kutoka Mahakama ya Wilaya inakwenda Mahakama Kuu, na siku ni 45 tangu hukumu. Mmeshatumia kumi na tisa mkilia. Binti yako afuatilie nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi Jumatatu hii, asingoje kuambiwa. Amuulize wakili mtoto alisema nini hasa mle ndani na hakimu aliandika nini. Kama hakuandika kitu, hapo pana la kusema. Ninyi wenyewe msimuulize mtoto. Najua umeshamuuliza.

Pesa ya wakili natuma Ijumaa kwa simu ya mdogo wangu, laki tatu kwanza. Na mjukuu wako akija kwako wikiendi, mwambie nitapiga Jumapili baada ya alasiri. Simpigii kwa kesi, nataka anihesabie tena wale njiwa wake, mara ya mwisho walikuwa kumi na mmoja na mmoja anatagia.

Wasalimie wote.

Mwanao