Kuhusu kombe za Msimbazi

Zuhura shoga yangu,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, ila mvua imetuandama wiki nzima.

Umeniuliza, ikiwa maji ya mdomo wa mto Msimbazi yalipimwa na risasi, ile metali ya sumu, ikaonekana kiduchu, mbona namkataza Hawa kuokota kombe, wale wa magamba, pale? Shoga yangu, risasi haikai sana majini. Iko topeni.

Mto unashuka kutoka vilima vya Pugu, unakatiza mjini Dar es Salaam ukizoa maji ya viwanda, gereji na mitaro. Ukikutana na chumvi karibu na daraja la Selander, vichembe vya udongo vinagandana, vinakuwa vizito, vinatua kwenye mikoko, na metali zinatua navyo. Vichembe hivyo vimevikwa utando wa kutu na mabaki ya majani yaliyooza. Risasi hung'ang'ania kutu, shaba huganda zaidi kwenye mabaki ya majani. Kadimiamu, metali nyingine ya sumu, haitulii: kloridi iliyomo kwenye chumvi ya bahari huinyakua, sehemu yake ikarudi majini. Petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyozama enzi zile imo chini bado.

Jumamosi maji yalipokupwa nilididimiza bomba la plastiki topeni. Nilipolivuta, juu kabisa, unene wa ukucha tu, palikuwa na rangi ya kutu. Chini yake kote ni tope jeusi kama masizi, linanuka mayai viza. Harufu hiyo ni ya salfaidi, kemikali yenye salfa. Kule hewa haifiki na kutu inayeyuka, lakini salfaidi inazidaka metali na kuzifunga upya. Kipande kimoja nilikiacha mezani bila kukifunika. Asubuhi nikakikuta kimegeuka kahawia. Hewa ilikwisha kuingia, vifungo vimeanza kulegea.

Ndiyo maana moyo unanienda mbio nikisikia mtambo wa kijiko utaletwa kuchimbua mahali kama pale. Tope lile limetubebea uchafu wetu miaka yote. Tukilivuruga ovyo, litautema.

Na kombe anaishi humo humo. Anachuja maji pamoja na vumbi la tope, na tumboni mwake baadhi ya vifungo vile hufunguka. Hawa aache kwanza, tafadhali.

Ukija, niletee kombe wachache wa Bagamoyo pamoja na tope lao, nipime nilinganishe. Uwaweke kwenye kopo la plastiki, si la bati.

Akupendaye,
Rehema