Barua ya wazi kwa Kamishna wa Data: tuchapishieni orodha ya sajili zinazotunza habari zetu

Mheshimiwa Kamishna,

Wakenya hatujui serikali inatunza habari zetu katika sajili ngapi, yaani madaftari na hifadhi za kompyuta zenye habari za watu, ziko chini ya nani, na ofisi zipi nyingine huruhusiwa kuzifungua. Naomba ofisi yako ichapishe orodha hiyo, sajili moja baada ya nyingine.

Juni 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa aliwawezesha wananchi kuangalia kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama wao ni wanachama wa chama chochote. Watu wengi walishtuka kukuta majina yao katika vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo, na malalamiko yakafika hadi ofisini kwako. Majina hayo hayakuingizwa siku waliyoyaona. Yalikuwa humo tayari, na yangebaki humo kama watu wasingeruhusiwa kuchungulia.

Kule Garissa mambo ni mazito zaidi. Miaka ya ukame na njaa, familia za Wakenya zilijiandikisha katika kambi za Dadaab kama wakimbizi ili zipate chakula, na watoto wao wakachukuliwa alama za vidole. Mtoto yule akifika miaka 18 anakwenda kuomba kitambulisho. Anaweka vidole kwenye mashine, jina lake linatokea katika sajili ya wakimbizi, anarudishwa nyumbani. Bila kitambulisho hapati laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti benki, haandikwi kazi. Maelfu wamekwama hivyo, wengine kwa miaka. Ni nani aliyemwambia mama yake, akiwa kwenye foleni ya unga, kwamba alama zile zingekuja kutumiwa kumnyima mwanawe uraia wake?

Ndiyo maana siombi jina la wizara tu. Wizara moja inaweza kuwa na sajili kumi, na kila moja ina madhara yake. Nataka tujue sajili inaitwaje, inawahusu kina nani, imebeba nini, inatumiwa kwa kazi gani, inapelekwa wapi, inatunzwa kwa muda gani, na mtu akikuta kosa amwone afisa yupi. Marekani imezitaka idara za serikali kuu kutangaza mambo kama haya katika gazeti rasmi tangu sheria yao ya faragha ya 1974.

Na sisi tunayo sheria. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamtaka anayejisajili kwako kama mtunza data aeleze data anayoshughulikia na sababu yake, na kifungu cha 21 kinasema daftari lako ni la umma. Maelezo hayo, basi, wewe una mamlaka ya kuyadai.

Wapo watakaosema kutangaza sajili ni kuwarahisishia wezi. Hakuna anayeomba nywila wala majina ya watu. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na huduma zikakwama, na hakukuwa na orodha yoyote ya aina hii iliyochapishwa. Usiri haukutukinga.

Anza na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma. Tangu ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima hiyo, mnamo Oktoba 2024, mtu asiye na ajira rasmi anaulizwa nyumba yake imeezekwa kwa kitu gani, anapikia nini, choo chake ni cha aina gani, ili ikadiriwe atalipa kiasi gani. Ni maswali ya ndani kabisa ya nyumba ya mtu. Majibu yake yanasomwa na nani zaidi ya SHA? Kisha ije sajili ya vitambulisho, pamoja na kila sajili inayolinganishwa nayo, ikiwemo ile ya wakimbizi.

Orodha itoke katika Gazeti Rasmi la Kenya, kwa Kiswahili pia, na nakala zibandikwe Huduma Centre, vituo vya huduma za serikali, na ofisi za machifu. Sajili mpya isianze kukusanya habari kabla ya kutangazwa. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliona kuwa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya kidijitali, zilizinduliwa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini ya athari zake kwa data za watu haikufanywa kwanza, wakati mamilioni tulikuwa tumeshatoa alama zetu.

Naomba utujibu hadharani, utuambie orodha ya kwanza itatoka lini.

Wako,
Mwananchi, Nairobi