Msaada kwa watoto wenye kasoro za moyo usiishie mlangoni mwa chumba cha upasuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu misaada ya mashirika ya kimataifa kwa watoto waliozaliwa na kasoro za moyo. Nimekuwa muuguzi wa watoto kwa miaka mingi, na nimekesha mara nyingi kando ya vitanda vya watoto waliofanyiwa upasuaji kwa gharama za wafadhili. Wapo wanaoishi leo kwa sababu ya fedha hizo, nami nawashukuru waliozitoa.

Karibu mtoto 1 kati ya kila 100 wanaozaliwa huwa na kasoro ya moyo. Si wote wanaohitaji kisu, kwani matundu madogo mengi kwenye ukuta wa ndani wa moyo hujiziba yenyewe. Tundu likiwa kubwa, mara nyingi mama ndiye wa kwanza kuona dalili: mtoto ananyonya kidogo, anaachia titi, paji la uso limelowa jasho, anahema kama aliyekimbia, kisha anajaribu tena na kuchoka tena. Mtoto wa namna hiyo hawezi kusubiri sana. Damu inayosukumwa kwa wingi kwenye mapafu huifanya mishipa ya humo ikakamae na kuwa minene, hadi baadaye damu inageuza njia na midomo inakuwa ya buluu. Akifika hapo, kuliziba tundu kunaweza kumuua. Niliwahi kuwapo baba mmoja alipoelezwa hivyo. Mwanawe alikuwa amesubiri kambi ya upasuaji ya madaktari wageni kwa miaka miwili. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: kama wangefika mwaka uliotangulia, je, ingewezekana? Daktari alimjibu kweli, kwamba huenda ingewezekana.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kambi ya wiki moja huokoa wale waliobahatika kuwa tayari wiki hiyo, lakini magonjwa haya hayafuati ratiba ya wageni. Tena, kinachoamua kama mtoto atarudi nyumbani si ustadi wa daktari wa upasuaji peke yake. Usiku wa kwanza mtoto yuko kwenye mashine ya kupumulia, ana mirija kifuani, na dawa zinaingia mshipani tone kwa tone. Kwa mtoto ambaye mishipa ya mapafu imeshaathirika, hata kumvuta makohozi kunaweza kuibana mishipa hiyo ghafla na oksijeni ikaporomoka. Muuguzi anayeijua kazi hii humtuliza kwanza kwa dawa, humwongezea oksijeni, ndipo avute, tena kwa haraka. Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya siku tatu. Unapatikana kwa kukesha pamoja na aliyekutangulia, kwa miezi na miaka.

Yapo mashirika yaliyoliona jambo hili. Children's HeartLink, lililoanza mwaka 1969 huko Minneapolis, Marekani, hapo mwanzo lilikuwa likiwasafirisha watoto kwenda kutibiwa huko. Baadaye lilibadili mwelekeo, likaweka nguvu zake katika kuzifundisha timu za hospitali katika nchi wanakotoka watoto wenyewe. Save a Child's Heart la Israel, lililoanzishwa mwaka 1995, bado linawapokea watoto mjini Holon, lakini pia linawafundisha madaktari na wauguzi wanaorudi kufanya kazi kwao. Sisemi safari za nje zifutwe, kwa maana ziko kasoro ngumu ambazo bila safari hiyo mtoto hana pa kukimbilia.

Jambo lingine halipigwi picha, nalo ni kliniki. Mtoto aliyerekebishwa tetralojia ya Fallot, yaani kasoro nne za moyo zinazokuja kwa pamoja, anaweza kukimbia na wenzake kwa miaka, huku vali, yaani mlango wa damu, ya kuelekea mapafuni ikivuja taratibu bila yeye kujua, na ukubwani akahitaji vali mpya. Aliyewekewa vali ya chuma atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara, kwani dawa ikipungua, damu huganda kwenye vali, na ikizidi atavuja damu. Msichana aliyewekewa vali hiyo akiwa na miaka 10 atakua, ataolewa, atataka kuzaa, na dawa hiyohiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nani aliyepanga kuwapo siku hiyo kumshauri?

Kwa hiyo nawaomba wafadhili, na wizara zinazotia saini makubaliano nao, wachague hospitali moja na kubaki nayo kwa miaka mingi, walipie mafunzo ya wauguzi wa wagonjwa mahututi sawa na wanavyolipia vifaa vya upasuaji, na watenge fungu la dawa na vipimo vya kliniki. Tena wanapotangaza idadi ya watoto waliopasuliwa mwaka huu, watangaze pia ni wangapi kati ya waliopasuliwa miaka mitano iliyopita wako hai na bado wanahudhuria kliniki.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa watoto