Malalamiko kuhusu beringi za koni rodi nilizouziwa na tawi lenu la Mwanza

Nyegezi,
Mwanza.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: BOKSI LILILOANDIKWA 0.25 LENYE BERINGI ZA VIPIMO VIWILI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ninawaandikia ninyi moja kwa moja kwa sababu kaunta ya tawi lenu la hapa imekataa kunisikiliza, na kwa sababu nina hofu kwamba boksi nililouziwa mimi lina wenzake kwenye rafu zenu.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI, injini EJ20 ya tabo. Pampu ya oili ilichoka, presha ikashuka, injini ikanoki. Nilipofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, nilikuta chembe za rangi ya shaba, na beringi ya koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, mhimili mkuu wa injini) ya silinda ya 4 ilikuwa imelika mpaka tabaka la juu limekwisha. Niliishusha injini mwenyewe nyumbani, nikapasua bloku, kranki nikaipeleka kuchongwa Nyakato. Shingo zinazoshika koni rodi zikiwa mpya zina kipenyo cha milimita 52. Mchongaji alizishusha zote nne hadi 51.75, nami nilizipima kwa maikromita palepale karakanani kabla sijalipa. Kwa kranki ya namna hiyo beringi inayotakiwa ni andasaizi ya 0.25 tu, yaani nene kuliko ya kawaida ili kufidia kilichochongwa.

Ndiyo niliyoomba dukani kwenu, ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi, na ndiyo iliyoandikwa kwenye risiti ya EFD ambayo nakala yake nimeiambatanisha.

Ndani ya boksi kulikuwa na vipande vinane, yaani viwili kwa kila koni rodi. Sita vimegongwa namba 025 mgongoni, namba iliyozama kwenye chuma. Viwili vilivyobaki vina 025 ya wino mweusi. Nilivifuta kwa kitambaa chenye petroli, kama ninavyofuta kila kipande kabla ya kukifunga, na wino ukatoka wote. Chini yake chuma kimekwaruzwa mahali ambapo namba hugongwa. Nikavipima. Ni vyembamba kuliko vile sita kwa milimita 0.125 kila kimoja, na ukijumlisha viwili unapata 0.25 kamili. Hizo ni beringi za STD, yaani za kranki ambayo haijachongwa.

Niliendelea kupima ili nisimwonee mtu. Nililaza ule uzi wa plastiki wa kupimia nafasi juu ya shingo, nikafunga koni rodi kwa vile vipande viwili, nikakaza boliti kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kisha nikafungua. Kwenye koni rodi nyingine tatu uzi ulikuwa umebanwa ukawa bapa, nafasi iko ndani ya kipimo. Kwenye hii ulitoka mviringo kama ulivyoingia, haukuguswa na chochote.

Nilivirudisha siku ya pili. Kijana wa kaunta aliniambia, "Bosi, boksi likishafunguliwa halirudi." Nikamwuliza nitajuaje kilichomo bila kulifungua. Hakujibu hilo. Alinishauri nifunge hivyo hivyo nitie oili nzito, 20W-50, eti itajaza nafasi.

Ndugu Meneja, ushauri huo ndio ulioniumiza kuliko hata fedha yangu. Nafasi ya beringi kwenye injini hii ni sehemu chache za mia za milimita. Ukiongeza robo nzima ya milimita, hakuna oili itakayokaa humo, iwe nzito namna gani. Itamwagika pembeni, presha itashuka kwa kranki nzima, koni rodi itaanza kugonga, na mwisho itakatika na kutoboa bloku. Mtu aliyewekwa kuuza vipuri vya injini hapaswi kumwambia mteja maneno hayo.

Mimi nina maikromita. Mafundi wengi ninaowafahamu Mabatini na Igoma hawana, na si kosa lao. Wanaamini kilichoandikwa kwenye boksi kwa kuwa duka limeandika. Familia hii ya injini za EJ haimo kwenye magari ya mbio peke yake. Imo kwenye Forester zinazobeba watoto kwenda shule, na zinazovuka Daraja la Kigongo–Busisi usiku kwenda Geita zikiwa zimejaa watu. Injini ikikatika koni rodi kwenye mwendo, oili humwagika juu ya ekzosi ya moto, na gari linaweza kuwaka.

Sisemi nani aliyekwaruza namba zile. Inawezekana mlizipokea hivyo kutoka kwa aliyewauzia. Lakini mimi nilinunua kwenu, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo.

Kwa sasa bloku yangu iko wazi bandani. Kranki iliyotoka kuchongwa haivumilii unyevu wa huku ziwani, kwa hiyo naipaka oili kila mara. Jioni taa ikiwaka wadudu wa ziwani huingia kwa wingi, nami lazima nifunike silinda zote kwa nailoni, nifunike na mashimo ya oili, maana mdudu mmoja akibaki kwenye njia ya oili kazi yote imeharibika. Hali hiyo siwezi kuiendesha kwa muda mrefu.

Naomba seti nzima nyingine ya 0.25, ipimwe mbele yangu kabla sijaipokea. Mkishindwa, nirudishiwe fedha yangu yote. Lakini kabla ya langu kushughulikiwa, naomba maboksi yote ya aina hiyo yaondolewe kwenye rafu leo, Mwanza na matawi yenu mengine ya Kanda ya Ziwa, mfungue na kupima kimoja kimoja. Na waliokwisha kununua watafutwe; risiti zenu zinaonyesha ni akina nani.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na vipande vyenyewe.

Vipande hivyo viwili ninavyo, nimevifunga kwenye bahasha pamoja na kile kitambaa chenye wino. Mkaguzi wenu anakaribishwa kuja kuvipima nikiwapo. Sitaviacha kaunta bila hati ya kupokelewa yenye sahihi na muhuri.

Wenu,

Mteja,
Nyegezi, Mwanza.

Kiambatisho: nakala ya risiti ya EFD na picha za migongo ya vipande vyote vinane.