Usiioshe, Usiiwashe: Injini ya Gari la Zamani Kabla Haijafika Gerejini

Mteja mmoja alinipigia simu asubuhi, sauti imejaa furaha. Alikuwa ameamua kuifufua Datsun 240Z ya marehemu baba yake, iliyokaa miaka chini ya mwembe huko Nyali. "Fundi, kijana wa kuosha magari ashaipiga maji ya presha, injini yang'aa. Sasa hivi nafunga betri mpya nione kama itashika, halafu nakuletea uipake rangi tu."

"Bwana mkubwa, hiyo betri iweke chini kwanza," nikamwambia.

Akacheka, akidhani natafuta kazi ya kumlipisha. Simlaumu, mafundi tumejiharibia jina wenyewe. Lakini akaiacha betri, na gari likaja kwa kuvutwa. Tulipofungua plagi, silinda ya nne ilikuwa na maji. Nikachovya kidole nikaonja. Msinicheke, ndivyo tulivyofunzwa. Yalikuwa ya chumvi.

Angeipiga stata siku ile, pistoni ingepanda ikakutana na maji, na maji hayabanwi kama hewa. Kitu lazima kiachie: mkono wa pistoni unapinda, au gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, inapasuka. Injini ambayo ingehitaji ringi za pistoni na kusagwa vali ingegeuka kuwa ya kutafutiwa bloku.

Makala haya ni kwa kila aliye na gari la michezo la zamani lililolala, na ambaye mkono wamuwasha kufanya jambo kabla ya kutuletea. Nazungumzia zaidi 240Z kwa sababu ndiyo tuliyoizoea, na kwa sababu ina jina lake hapa Kenya. Mwaka 1971 ilishinda Safari Rally mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 ikashinda tena na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Aliyeirithi haiuzi hata ikiota kutu mpaka kwenye vioo. Mwenye MGB au Alfa Romeo naye asome, mengi yanamhusu. Mwenye Porsche 911 ya zamani, inayopozwa kwa hewa, ataruka tu habari za rediata.

Maji ya Mombasa

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe na bahari imekizunguka. Visima vingi ni vya maji ya magadi au chumvi kabisa, na sehemu nyingi za kuosha magari hutumia maji ya kisima kwa sababu ya mfereji ni ya kungojea zamu. Kwenye bodi utasuuza, utafuta, yatakwisha. Injini ina matundu. Maji ya presha huingia kwenye distributa inayogawa moto kwa plagi, kwenye midomo ya kabureta, kwenye mashimo ya plagi, kwenye paipu ya kupumulia. Na injini ya silinda sita ikisimama, popote iliposimama, kuna vali fulani imebaki wazi. Maji yakishapita hapo hukaa juu ya pistoni, kati ya ringi na ukuta wa silinda, na kwa joto letu hili kutu haingoji mwezi.

Nasema hivi nikiwa mkosaji wa zamani. Nilipoanza kazi niliwahi kuosha injini ya gari la mteja kwa mashine, sikufunika chochote, nikaipuliza kwa kompresa nikaona nimemaliza. Baada ya wiki mbili ilikuwa inamisi kama punda anayechechemea. Pointi za distributa zilikuwa zimeota unga wa kijani. Nililipia mwenyewe.

Chumvi hiyohiyo iko ndani pia. Injini ya 240Z, ile wanayoiita L24 ya sisi (cc) 2393, ina bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya aluminiamu. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na katika betri hiyo aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kila mara mtu aliyekwama njia ya Mtwapa alipojaza rediata kwa ndoo ya kisima, alikuwa anailisha hiyo betri. Tunafungua hedi tunakuta njia za maji zimechimbika kama jino bovu, na pengine shimo limebakisha upana wa ukucha lifike kwenye gasketi. Hedi ya namna hiyo tunaipeleka kuchomelewa na kusawazishwa, na kuna zingine ambazo nimemwambia mwenyewe hapana, tafuta nyingine.

Kwa hiyo rediata yako ijazwe kulanti halisi, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, yale ya betri, nusu kwa nusu. Bei yake ni ya kuvumilika ukilinganisha na hedi.

Bolti mbili za thermostati

Kama kuna mahali pa kumpimia fundi, ni hapa. Nyumba ya thermostati, kile kidhibiti cha joto la maji, kwenye injini hizi ni ya aluminiamu, imekazwa kwa bolti za chuma, na bolti hizo huganda kama zimezaliwa mle. Fundi mwenye haraka huweka spana, husimama kwa nguvu, na tak! kichwa cha bolti kimebaki ndani ya soketi, shina limebaki ndani ya aluminiamu. Kisha anatoboa, drili inakwenda upande, aluminiamu inalika kuliko bolti, na sasa una shimo la yai.

Sisi tunaanza kwa kutia mafuta ya kulegeza kutu jioni, tunaenda nyumbani. Asubuhi tunagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, si kwa hasira, kama mtu anayebisha hodi. Tunatia mafuta tena. Siku ya pili au ya tatu tunapasha moto aluminiamu iliyoizunguka, maana aluminiamu hutanuka zaidi kuliko chuma, kisha tunajaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Ndiyo, kukaza. Ule mkwaruzo wa kwanza ukiusikia, mambo yamekuwa mepesi. Kwa gari la mteja wa Nyali bolti ya kwanza ilitoka siku ya pili. Ya pili ilituweka mpaka Ijumaa, na kijana wangu alipoitoa aliitia mfukoni akaenda nayo kuswali.

Mteja akipita akiona siku nne hakuna kilichofunguliwa, hudhani tumelala.

Tunavyoifungua

Kabla ya spana yoyote, plagi zote sita zinatoka na kila silinda inapata vijiko viwili vya oili. Tunaiacha. Baadaye tunaizungusha kwa mkono, taratibu, kwa spana kwenye bolti ya krankshafti. Ikigoma hatulazimishi. Vali iliyoganda ikisukumwa kwa stata, mkono unaoisukuma vali huchomoka mahali pake au fito ya vali hupinda, na ndiyo sababu nyingine ya lile katazo la kuwasha.

Ikizunguka, tunapima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Namba moja peke yake hainiambii kitu, nataka kuona sita zinavyokaribiana. Ikiwa moja imeshuka sana, tunatia oili kidogo ndani yake na kupima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni vali au gasketi. Hapo ndipo tunapompigia mteja kumwambia bei, si kabla. Anayekupa bei ya injini kwa simu amekupa bei ya bahati nasibu.

Hedi ikibidi kutoka, kuna jambo dogo ambalo limewaumiza mafundi wengi. Cheni ya taiming ina kikaza kinachosukumwa na springi. Ukiondoa gia ya kamshafti bila kuizuia cheni, kikaza kinaruka, kinatumbukia, na sasa ni lazima ufungue kifuniko chote cha mbele kwa kosa la sekunde moja. Dawa yake ni kabari ya mbao, inashushwa katikati ya cheni kabla ya kugusa bolti ya gia. Yetu imechongwa na fundi seremala kutoka kipande cha mvule, imefungwa kamba ndefu ili isisahaulike ndani, na imelowa oili mpaka ni nyeusi. Katika vifaa vyote vya gereji, na tuna vya bei, hiyo ndiyo nisiyoazimisha.

Vali zinasagwa, viti zinavyokalia vinakaguliwa, kwa kuwa injini hizi ziliundwa zama za petroli yenye risasi (ledi), iliyokuwa ikivilinda viti hivyo, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kabisa mwanzoni mwa 2006. Wakati wa kurudisha, tapeti, yaani pengo dogo kwenye mikono ya vali, zinasetiwa injini ikiwa baridi: milimita 0.20 upande wa kuingiza, 0.25 upande wa kutolea. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-5-3-6-2-4. Mara mbili nimeletewa gari lililotupwa kwa kuwa "injini imekufa," kumbe waya mbili za plagi zimebadilishana.

Kabureta ni mbili, za Hitachi zilizoiga mtindo wa SU. Kila moja ina pistoni yake ndani ya kikombe chake, na pistoni ya huku haikai vyema kikombe cha kule. Ukizisafisha kwenye beseni moja umejitafutia kesi. Kuzilinganisha tuna kifaa, lakini hatimaye naweka kipande cha mpira sikioni na ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nasikiliza pumzi ya kabureta ya mbele, kisha ile ya nyuma, mpaka zivume sauti moja. Na tafadhali: injini hii inaingiza na kutolea upande mmoja, kabureta ziko juu ya manifoldi ya egzosi. Petroli ikidondoka inadondokea kwenye moto. Paipu za mpira za petroli tunazibadilisha zote, hata mteja akisema bado ni nzima.

Sasa rangi

Ndilo alilolitaka mteja wa Nyali tangu mwanzo, na huchukua siku chache tu. Grisi inatolewa kwa mafuta taa na brashi, inaoshwa kwa sabuni na maji ya mfereji yasiyo na chumvi, inakaushwa, kutu inasuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, kisha tunafuta kwa thina mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Rangi haishiki juu ya oili, hata ukiomba dua. Soda kali ya kusafishia oveni iweke mbali na aluminiamu, inaila na kuiacha nyeusi.

Rangi yenyewe ni ile ya kustahimili joto, tabaka nyembamba kadhaa, na tunachagua siku. Wakati wa mvua za masika hatupulizi kabisa, unyevu huifanya rangi ipate ukungu mweupe kama chai iliyomwagiwa maziwa. Kaskazi likianza, hewa ikikauka kidogo, kati ya saa nne na saa nane mchana, hapo sawa. Bloku ya 240Z ilitoka kiwandani ikiwa buluu, na hiyo ndiyo tunayochanganya. Kava ya tapeti, yenye maandishi ya NISSAN 2400 OHC, ilikuwa aluminiamu tupu isiyo na mbwembwe. Kuna wanaotaka ing'arishwe kama sinia la harusi. Tunafanya, pesa ni zao, ila mimi binafsi naona ni kumtia mzee wa watu mapambo ya bibi harusi.

Mteja wetu wa Nyali alikubali buluu na kava tupu. Injini iliposhika mara ya pili ya stata, alisimama kimya, kisha akauliza kama ile harufu ya rangi inayoungua ni ya kawaida. Ni ya kawaida, huisha siku ya kwanza.

Likitoka kwetu, kilomita 500 za kwanza usilipige mbio daraja la Nyali kuonyesha watu, kisha rudi tumwage oili na kusetia tapeti tena. Injini ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, isipigwe maji. Ukilipaki karibu na ufuo msimu wa kusi, fungua boneti kila wiki ufute kava na viunganishi vya waya, maana upepo ule huleta chumvi hata usipoiona. Na ukiwa hutumii gari, liwashe mpaka lipate joto kamili, si dakika mbili za kuwafurahisha majirani. Dakika mbili hukusanya maji ndani ya oili na ndani ya egzosi.

Ukitaka kutuletea lako, tupigie tuje na gari la kuvuta. Betri iache imefunguliwa. Kama kuna fundi aliyewahi kuanza kufungua akaachia njiani, usitupe chochote. Lete kila bolti na kila waya, hata kama vimo ndani ya mkebe wa Blue Band na nusu yake ni mchanga.