Salamu za Krismasi kwa Maskauti, Kutoka Nyeri

Ndugu na dada zangu maskauti, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu kwa mkono wa kushoto. Heri ya Krismasi, na mwaka mpya uwakute salama.

Huku Nyeri mvua za vuli zimekatika. Ukiamka mapema unaiona Kirinyaga yote, hadi theluji ya kileleni, kabla mawingu hayajaifunika. Ni majira kama haya, mwaka wa 1940, ambapo mzee Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikula Krismasi yake ya mwisho hapa, katika nyumba ndogo ya Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa kwenye makaburi ya St Peter's. Majivu ya mkewe, Olave, aliyefariki mwaka wa 1977, yamewekwa papo hapo.

Juzi nilipeleka watoto wa kikosi kufagia kaburi. Msichana mmoja alipiga magoti, akalifuata kwa kidole lile duara lililochongwa kwenye jiwe, lenye nukta katikati. Nikamwambia ni alama ya njiani ya skauti: nimekwenda nyumbani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, kwani kwao si Uingereza?"

Swali hilo sijalisahau. Skauti iliingia Kenya mwaka wa 1910, Nairobi, kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Watoto wetu walifunguliwa mlango baadaye, tena kwa muda mrefu kila rangi na kikosi chake. Na Nyeri hii hii, miaka 11 tu baada ya mazishi yale, ikawaka moto wa Mau Mau. Vijana waliokamatwa walipelekwa kambi ya Wamumu, kule Mwea, na humo nako wakafundishwa skauti na serikali ile ile iliyowafunga. Naomba tusiwafiche watoto habari hiyo tunapoadhimisha Siku ya Mwanzilishi. Walioifanya skafu, kile kitambaa cha shingoni cha skauti, kuwa yetu ni walimu wa vijijini waliobaki na watoto Jumamosi bila malipo, wakiwafunza mafundo ya kamba, kuwasha moto kuni zikiwa mbichi, na kumfunga bendeji mwenzao aliyeumia.

Nami nilifunzwa na mmoja wao. Siku niliporudi nyumbani nikamnyoshea nyanya mkono wa kushoto, alinikaripia vikali. Nikamweleza nilivyoambiwa: kushoto ndiko shujaa hushika ngao, kwa hiyo ukimpa mtu mkono huo umeiweka ngao chini. Akanitazama, akauhamishia mkongojo wake kulia, akanipa wa kushoto.

Watoto wanane wa kikosi chetu hawana skafu bado. Mwenye ya zamani kabatini aje nayo Siku ya Mwanzilishi, tarehe 22 Februari, tutakapokutana pale kaburini. Hata iliyochujuka rangi tutaipokea.